Mpeleke pale atakapokuwa mwenyeji yeye

Swali la juma hili lilikuwa: "Ndugu akikutembelea huko ughaibuni unakoishi, umpeleke wapi kwanza?" Mimi ni mtoto wa Bagamoyo. Naishi Reading, magharibi ya London, huu mwaka wa 13, na kazi yangu ni kuhudumia wazee. Jibu langu ni fupi: mpeleke mahali ambapo yeye ndiye mwenye la kukueleza. Maelezo yake ndiyo marefu, maana mwenyewe sikuanza hivyo.

Mgeni wangu wa kwanza alikuwa shangazi, mwaka 2018. Nilikuwa na siku mbili tu za mapumziko, nikaazimia aione London yote kwa siku moja. Tulishuka Paddington asubuhi, tukaenda Buckingham Palace, tukakatisha bustani ya St James's, tukafika Big Ben, tukavuka daraja, tukapanda basi mpaka Tower Bridge. Mnara wa Big Ben mwaka ule ulikuwa kwenye matengenezo, umezungushiwa vyuma kuanzia chini, na kengele yake ilikuwa imenyamazishwa tangu Agosti 2017. Shangazi alitazama juu, akatengeneza ushungi wake, akasema, "Sawa mwanangu, tumefika." Jioni miguu ilikuwa imevimba mpaka vifundoni. Nilimchotea maji ya moto kwenye beseni, nikatia chumvi, nikakaa chini yake nikimkanda. Nikamwuliza, shangazi, umeionaje London? Akasema, "Mji mkubwa." Hakuongeza.

Sasa sikilizeni alichokwenda kusimulia aliporudi. Jirani yangu wakati ule alikuwa bibi mmoja wa Kiingereza aliyeishi peke yake, na dirisha la jiko lake lilijaa vyungu vidogo vya maua ya zambarau, yenye majani mazito yenye vinyweleo kama mahameli. Shangazi ameolewa Lushoto tangu miaka ya sabini. Siku moja alisimama mbele ya lile dirisha akanyoosha kidole: "Haya ya kwetu haya! Yanaota kwenye miamba, kando ya vijito, penye kivuli." Bibi akatoka, akamwingiza ndani. Kiingereza shangazi hajui, na Kiswahili bibi hajui, lakini walikaa pale karibu nusu saa. Nilipoingia nilimkuta shangazi anamwonyesha kwa ishara namna ya kumwagilia maji chini ya majani, si juu yake. Bibi anaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi.

Nikafuatilia. Ni kweli. Maua yale asili yake ni milima ya Usambara na misitu ya jirani. Mwaka 1892 Mjerumani mmoja aliyekuwa kwenye utawala wa kikoloni, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyachukua akayapeleka kwao, wataalamu wakayapa jina lake, Saintpaulia. Leo yanauzwa humu madukani kando ya maziwa na mikate, na Waingereza huyaita urujuani wa Afrika. Nilikuwa nayapita kila nikienda kununua mkate, wala sikujua. Shangazi ndiye aliyenifundisha, na hakuwa na habari kwamba ananifundisha.

Basi mama alipopata viza ya matembezi ya miezi sita mwaka 2023, nilikwisha kubadilisha mpango. Nilijiambia kila siku mahali pamoja, na kila mahali pawe na kitu ambacho mama anakijua kuliko mimi.

Alifika Juni, na kitu cha kwanza kumshughulisha kilikuwa jua. Ninyi mnaoishi karibu na ikweta hamwezi kulijua jambo hili mpaka mlione. Saa zetu za Kiswahili zimehesabiwa kwa jua la kwetu: likichomoza tunaanza kuhesabu za mchana, likizama tunaanza za usiku. Hapa Reading mwezi wa Juni jua huzama saa tatu na nusu hivi, na mama alikuwa anakaa na msala wake dirishani akiniuliza, "Mwanangu, saa tatu usiku, na jua lile pale. Usiku gani huu?" Magharibi saa tatu na nusu, alfajiri saa tisa. Mimi nikitoka zamu ya usiku namkuta keshaswali zamani, anakunywa chai ya tangawizi, anasema huu mwezi hakuna kulala. Nilimweleza kwamba Desemba mambo hugeuka, jua huzama kabla ya saa kumi jioni. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama ndiyo maana nikipiga simu Desemba sauti yangu huwa ya mtu mgonjwa. Sikuwa nimewahi kumwambia.

Safari ya kwanza ilikuwa Portsmouth, kwa binamu yangu. Yeye na mkewe, wifi yangu wa Unguja, wanakaa Southsea, karibu na bahari. Wifi hawezi kumpokea mgeni bila kumwambia kwamba Sultani wa mwisho wa Unguja, Jamshid bin Abdullah, baada ya kupinduliwa Januari 1964 aliishi mji huohuo zaidi ya nusu karne, mpaka alipokwenda Oman mwaka 2020. Mama alisikiliza kwa adabu, lakini macho yalikuwa baharini.

Pwani ya Southsea ni kokoto. Mama alivua viatu kama alivyozoea, akapiga hatua tatu, akasimama. "Sasa wavuvi wa hapa mashua wanazipandishaje?" Marehemu baba alikuwa mvuvi, kwa hiyo lile lilikuwa swali la kazi. Kabla sijamjibu, kikatokea kile chombo cha kwenda kisiwa cha Wight, hovakrafti, kinachoelea juu ya hewa. Kilikuja kwa ngurumo, kikafika ukingoni, na badala ya kusimama kikapanda nchi kavu na abiria wake, kikatua kama kuku anayelalia mayai. Mama alishika kifua. Akatuambia tukae mpaka kiondoke, naye akione kinavyoshuka. Tukakaa, kikaondoka, akasema tusubiri kinachofuata.

Mwezi wa Mfungo Tatu ulikuwa ndio kwanza umeandama. Mama akasema, "Leo bamvua. Jioni maji yatakupwa sana, mtaona." Binamu, miaka yote aliyokaa pale, hujua maji ya bahari kwa kutazama simu. Tukarudi saa kumi na moja jioni. Maji yalikuwa yamekwenda mbali, na chini ya zile kokoto, kumbe, mchanga upo! Mama akashuka peke yake mpaka kwenye ule mchanga, akakunja kanga, akatembea kandokando ya maji kimyakimya. Tulimwacha.

Kule gatini vijana walikuwa wanavua vibua. Mama alikwenda kuwatazama, akawashika mmoja mmoja, akasema ni vibua lakini hawa wana mistari mgongoni kama maandishi. Kijana mmoja akampa watatu. Usiku aliwapaka ndimu, kitunguu saumu na pilipili, akawachoma, moshi ukajaa jiko, king'ora kikalia, binamu akapanda kiti anakipepea kwa taulo. Wali tulipika kwa tui la kopo. Tulikula kwa mikono, sote kwenye sinia moja sakafuni, na watoto wa binamu, ambao Kiswahili chao ni cha kuvuta, walimwuliza bibi yao maswali mpaka wakasinzia pale pale mkekani.

Idi Kubwa ilituangukia tarehe 28 Juni. Tulikwenda kuswali Woking, msikiti wa Shah Jahan, wa mwaka 1889, wa kwanza Uingereza kujengwa tangu msingi uwe msikiti. Fedha nyingi zilitoka kwa mtawala wa Bhopal, India, Begum Shah Jahan, na mama alifurahi sana kusikia kwamba mtawala huyo alikuwa mwanamke.

Lakini siku ninayotaka kuiandika hasa ni ya London, siku ya Westminster Abbey. Nilisita. Mama ni Mwislamu, pale ni kanisani, na kiingilio ni ghali. Nikamwambia tu kwamba kuna kaburi la mtu anayemjua. Akavaa baibui lake, tukaenda.

Mle ndani wamezikwa wafalme na malkia, tukapita haraka. Katika ukumbi mkubwa kuna kaburi la askari asiyejulikana, aliyezikwa mwaka 1920, limezungukwa na maua mekundu na hakuna anayelikanyaga. Mbele kidogo kuna jiwe lililolala sawa na sakafu, na watu wanalipita huku wanatazama dari. Nikamwonyesha mama. Nikasoma Kiingereza, kisha nikamfasiria taratibu: "Aliyeletwa kwa mikono ya waaminifu, juu ya nchi kavu na bahari, hapa amepumzika David Livingstone, mmisionari, msafiri, mfadhili."

Mama akainama, akaligusa jiwe. Akasema, "Huyu mgeni wetu. Alilala kwetu kabla hajalala hapa."

Mtoto yeyote wa Bagamoyo anaujua ule mnara wa kanisa la misheni ulipolazwa mwili wake Februari 1874, kabla ya kuvushwa Unguja. Mama alicheza chini ya ile miembe ya misheni akiwa mdogo, alipotumwa kupeleka samaki. Kisha akaniuliza swali ambalo mimi, niliyepita pale mara mbili na wenzangu wa kazini, halikunijia: "Mikono ya nani? Wametajwa?"

Hawakutajwa. Nilisoma jiwe zima, kijiji cha Chitambo kimo, tarehe ya kufa kwake, 1 Mei 1873, imo, lakini majina ya walioubeba mwili hayamo. Basi tukakaa kwenye kiti pembeni, nikamweleza niliyoyasoma. Abdullah Susi na James Chuma ndio waliowaongoza wenzao. Moyo wakauzika chini ya mti kulekule Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Mwili wakautia chumvi na kuukausha juani, wakauviringa kwa kitambaa na gome la mti, wakaubeba kwa miguu karibu miezi tisa mpaka Bagamoyo. Halima, mpishi, alikuwemo. Jacob Wainwright, aliyekuwa amesoma, alikuja na mwili mpaka Southampton, na siku ya maziko, 18 Aprili 1874, alikuwa miongoni mwa walioandamana na jeneza mle mle tulimokaa. Susi na Chuma waliletwa Uingereza baadaye, maziko yamekwisha.

Mhudumu mmoja wa pale, mzee mwenye sauti ya upole, alituona tumekaa muda mrefu akaja kuuliza kama tunahitaji msaada. Nikamwambia mama yangu ametoka Bagamoyo. Yule mzee akavuta kiti! Mama akamweleza mnara ulivyo, mbuyu ulivyo, njia ya miembe kutoka barabarani, na jinsi misafara ilivyokuwa ikiishia mji ule. Mimi kazi yangu ikawa kufasiri. Robo saa nzima mama yangu alikuwa anampa habari mtu wa Westminster Abbey, katika Westminster Abbey, amekaa wima, mikono juu ya mapaja, kama anavyokaa barazani kwake. Mwishoni mzee alimwuliza lile lile swali ambalo mama aliniuliza mimi: walioubeba walikuwa nani? Na mama akamjibu kwa majina, polepole ili ayashike: Susi, Chuma, Wainwright, Halima.

Kwenye treni ya kurudi alinitaka nimwandikie yale majina na maneno ya jiwe kwa Kiswahili kwenye daftari lake. Aliporudi Bagamoyo aliwachukua wajukuu wakaenda misheni, akawasomea chini ya mnara. Dada yangu alinitumia picha, mama ameshika daftari mbali na macho kwa sababu miwani aliisahau nyumbani.

Kwa msomaji anayengoja mgeni, niongeze machache. London ina makumbusho makubwa yasiyo na kiingilio, likiwemo British Museum, kwa hiyo usidhani kila kitu ni fedha. Tiketi za treni ukizikata mapema, na ukaepuka msongamano wa asubuhi, utaokoa nyingi. Abbey kwenyewe anayekwenda kwa ibada halipi, ila hapati kuzunguka. Na mzee apate kiti kila baada ya muda mfupi. Kabla ya yote hayo, mwulize mgeni wako alikulia wapi na alifanya kazi gani, hata kama unadhani unajua, kisha ndipo ufungue ramani.

Mwakani namtarajia mama mdogo. Ujana wake wote aliumalizia kwenye shamba la mkonge Korogwe, na vidole vyake mpaka leo vina alama za miiba. Nimeshajua pa kumpeleka: Chatham, kule Kent, kwenye bandari ya zamani ya manowari, ambako kuna jengo refu la karibu mita 350 wanamosokota kamba za meli mpaka leo. Nilimpigia simu nikamweleza. Akanyamaza, kisha akauliza, "Katani kweli, au nailoni?" Nikamwambia, mama mdogo, njoo uishike mwenyewe utuambie.