Maswali yenu: ndugu zetu ugenini na klabu za theluji

Tangu nisimulie hapa miaka minne niliyokaa Norwei nikitunza wazee, barua nyingi zinazonijia zinauliza jambo moja. Ndugu zetu wako kwenye baridi, wameambiwa wajiunge na klabu za michezo ya theluji, nasi huku Moshi tunaombwa ushauri. Leo najibu sita.

Shikamoo mama. Binti yangu amehamia Norwei na mumewe na watoto wawili, wa miaka minane na sita. Shuleni wanasema watoto waandikishwe klabu ya skii, ule mchezo wa kuteleza kwenye theluji kwa mbao mbili ndefu miguuni. Anaogopa gharama, na anaogopa watavunjika miguu. Nimwambie nini? – Bibi wa Kibosho

Marahaba. Mwambie awaandikishe wiki hii hii, asingoje wazoee baridi kwanza. Mtoto asiyetoka kwenda kwenye theluji kule hana wa kucheza naye, maana wenzake wote wako huko.

Ada ipo, lakini kinachotisha zaidi ni bei ya vifaa. Katika manispaa nyingi za Norwei kuna vituo vya kuazimisha vifaa vya michezo, vinaitwa BUA. Mtoto anapewa skii, fimbo na viatu bure, akimaliza anarudisha. Wenyeji wenyewe wanaazima, kwa hiyo asione haya kuingia. Na wajukuu zako hawatasukumwa kwenye mashindano makali: kanuni za michezo ya watoto za nchi ile, zilizoanza mwaka 1987, haziruhusu orodha za matokeo kabla ya mwaka ambao mtoto anatimiza miaka 11, wala kumpeleka kwenye ubingwa wa taifa kabla ya 13. Wadogo kama wako hucheza kukimbizana tu, wanaanguka na kucheka.

Kuanguka kwenyewe kuna somo lake. Mfanyakazi mwenzangu ndiye aliyenifundisha, na kabla hajanionyesha kwenda alinilaza chini. Unageuka ubavu, unaweka skii zote mbili pamoja zikikingama mteremko, unapiga magoti, ndipo unasimama. Nilirudia labda mara kumi na tano, theluji imeniingia shingoni. Tangu siku ile sikuogopa tena kuanguka, kwa sababu kuinuka nilikuwa nimeshakujua.

Sasa mama, lipo neno moja ambalo binti yako alijue kabla hajalipa ada: *dugnad*. Wewe unalijua tangu utoto, ni msaragambo. Wazazi wote hupangiwa zamu: kuuza kahawa, kusafisha njia, kushika saa. Mwaka wangu wa kwanza nilipata barua ya zamu nikadhani ni ombi la hiari, nikabaki nyumbani. Hakuna aliyenigombeza. Walinyamaza tu, na ukimya ule uliniuma miezi kadhaa kabla sijaelewa kosa langu lilikuwa wapi. Mwaka wa pili nilikwenda, nikapewa ndoo ya unga wa keki bapa wanazoita *vaffel*, nikauchanganya kuanzia asubuhi. Kufika mchana nilikuwa najua majina ya watu kumi na wawili, na wao wanalijua langu. Amwulize mwalimu wa klabu siku ya kwanza kabisa: zamu yangu ni lini?

Dada, mimi ni mpagazi, nimepanda mlima zaidi ya mara themanini. Kaka yangu ananiita Uswidi, anasema nijiandae kwa baridi. Baridi gani nisiyoijua? – Marangu Mtoni

Baridi unaijua kuliko mimi. Unajua fulana ya pamba ikishika jasho mchana, usiku pale kambi ya Horombo hulali. Kule pia ni sufu karibu na mwili, pamba iache nyumbani. Pita soko la Memorial utafute sweta za sufu za mitumba, maana za dukani kule ni ghali mno.

Kigeni kwako kitakuwa giza. Kaskazini kabisa jua halichomozi kwa wiki kadhaa, na mtu akijifungia ndani moyo unazama. Jiunge na klabu mapema, njia zao nyingi zina taa hadi usiku. Ukifika, waambie kazi uliyokuwa unaifanya. Mtu aliyebeba kilo 20 kwenda Kibo ana la kuwafundisha.

Binamu yangu yuko Kanada. Mwanawe anataka hoki ya barafu lakini bei inamshinda. Aachane nayo? – Majengo

Hoki ndiyo mchezo wa taifa wa majira ya baridi kule, umeandikwa hata kwenye sheria ya mwaka 1994, na kweli ni ghali: viatu, kofia ngumu, kinga za mwili, na uwanja wenyewe wa barafu unalipiwa. Lakini Jumpstart na KidSport zipo kusaidia familia zenye kipato kidogo kulipia michezo ya watoto. Amwulize katibu wa klabu namna ya kuomba, wala asione ni kuombaomba.

Binamu mwenyewe naye asikae tu kwenye benchi la wazazi. Ajaribu *curling*, ule mchezo wa kusukuma jiwe la karibu kilo 20 juu ya barafu huku wenzako wakifagia mbele yake. Unaweza kuuanza ukiwa mtu mzima. Mnashikana mikono kabla na baada, kisha kwa desturi mnakaa meza moja na waliowashinda, na walioshinda ndio wanaonunua vinywaji. Kwa mgeni asiye na rafiki mezani ndipo penye faida. Soda inatosha.

Niko kwenye kamati ya klabu ya skii huku Norwei, Mtanzania peke yangu. Tumebandika matangazo ya kuwakaribisha wahamiaji, hata kwa Kiswahili na Kisomali. Hawaji. Wenzangu wanasema watu hawa hawapendi baridi. – Mtu wa Machame, ugenini

Ndugu yangu, kadi ya harusi iliyosukumwa chini ya mlango unaijua. Aliyeandikiwa anajua hakutakiwa sana. Tangazo ukutani ni hivyo hivyo.

Wenzako uwasimulie habari ya Borlänge, Uswidi. Mwaka 2013 vijana wa Kisomali waliofika pale kama wakimbizi waliunda timu ya *bandy*, mchezo unaofanana na hoki ila unatumia mpira, kwenye uwanja wa barafu mkubwa kama wa soka. Walifundishwa kuteleza kuanzia sifuri. Mwaka 2014 waliichezea Somalia kwenye ubingwa wa dunia kule Irkutsk, Urusi. Walifungwa vibaya, lakini walikuwepo. Haiwezekani ukasema vijana wale walipenda baridi kwanza ndipo wakaja. Walifuatwa, wakashikwa mkono.

Kwa hiyo piga simu kwa mama mmoja mmoja. Mwambie, "Jumanne nitawangoja kituo cha basi, viatu vya kuazima ninavyo, nitajie namba ya mguu wa mtoto." Kwenye kibanda cha klabu msiuze soseji za nguruwe peke yake, wekeni na za ng'ombe, na ziandikwe waziwazi. Mwezi wa pili mpe yule mama zamu, kwa sababu asiye na zamu anabaki mgeni miaka yote. Na nakuomba sana, msiwapige picha za matangazo siku ya kwanza. Mtoto anaanguka mbele ya watu, halafu sura yake inabandikwa? Hapana.

Mwanangu wa miaka 12 yuko Ujerumani. Klabuni wanamcheka, "Mwafrika na theluji wapi na wapi." – Baba, Rau

Pole, baba. Kwanza mama yake azungumze na kocha, ana kwa ana. Dhihaka hiyo isiachwe ipite kama utani.

Kisha mtoto msimulie habari ya Philip Boit, mkimbiaji wa Kenya aliyeshindana skii kilomita 10 kwenye Olimpiki ya Nagano, Japani, mwaka 1998. Alikuwa wa mwisho. Bingwa, Bjørn Dæhlie wa Norwei, alimngoja mwishoni mwa njia muda mrefu, hata utoaji wa medali ukachelewa, mpaka Mkenya alipofika akamkumbatia. Boit baadaye alimpa mwanawe jina la Daehlie. Msimulie yote, pamoja na hilo la kuwa wa mwisho.

Sisi tunakimbia asubuhi hapa Moshi, tunaanzia uwanja wa Ushirika. Kuna familia imehamia mtaani kutoka Kongo, kijana wao hukimbia peke yake, mara mbele yetu, mara nyuma. Hatujui kama anataka kujiunga. – Soweto

Anapita njia yenu, saa yenu, siku zenu. Anataka. Anachongoja ni kuitwa.

Ijumaa jioni nendeni kwao mkawasalimie wazazi, mseme mnakimbia wapi na mnarudi saa ngapi, maana hakuna mzazi anayemtoa mtoto alfajiri na watu asiowajua. Jumamosi mmoja wenu apite saa kumi na moja na nusu, abishe hodi, angoje pale mlangoni kijana afunge kamba za viatu, waje pamoja.