Barua kwa mwanangu: nyanya zako za Kibada

Tabata, mwishoni mwa Mei

Mwanangu Zuhura,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, baba yako mguu umepata nafuu na juzi alikwenda msikitini mwenyewe bila kushikwa mkono.

Ujumbe wako niliusoma mara mbili. Umeuliza mambo mawili kwa pamoja. Nyanya zako zimenyauka ghafla na majani bado ya kijani, ufanyeje? Halafu ukasema: "Mama, wewe hukusomea kilimo. Watu walikuaminije miaka yote ile, na mimi naweza kuandika habari za bustani kama wewe?" Haya hayaenei kwenye simu, ndiyo maana nimeshika kalamu. Nianze na la pili, kwa sababu la kwanza limo ndani yake.

Mwaka 1992 nilikuwa mchapaji kwenye ofisi ya gazeti. Ijumaa moja ukurasa wa akina mama ukapungukiwa habari, mhariri akauliza nani ana lolote. Nikaandika habari za mchicha wangu wa nyuma ya nyumba: ninavyochanganya mbegu na mchanga mkavu kabla ya kusia ili zisirundikane mahali pamoja, na ninavyoanza kung'oa wiki ya tatu, mkubwa kwanza, mdogo ubaki upate nafasi. Aya nne tu. Wiki iliyofuata zikaja barua saba kwenye sanduku la posta, zote zinauliza mambo ambayo nilikuwa nayafanya kila siku asubuhi kabla ya kupanda daladala. Safu ikaanza hivyo, nikaiandika miaka 24.

Mwaka wa tatu nilikosea, na kosa hilo ndilo lililonifundisha kazi. Nilipata kitabu cha bustani cha Uingereza, kizuri, kina picha za rangi. Nikaandika kupanda kabichi kwa kufuata kitabu kile: nafasi ya shimo hadi shimo, mbolea, maji, kila kitu. Sikuwa nimepanda hata moja. Miezi kama minne baadaye akaja ofisini mama mmoja wa Mbagala na kikapu. Akatoa kabichi akaiweka juu ya meza yangu, karibu na mashine ya chapa. Majani yamefunguka yote kama kiganja, katikati hakuna kichwa, na viwavi wametoboa hadi kwenye mishipa. Akasema, "Mwanangu, nilipanda kama ulivyoandika. Nilipanda mia mbili." Hakunitukana. Mbegu na mbolea alinunua kwa hela ya mchezo, zamu yake ilipofika.

Kabichi hutaka baridi ndipo ifunge kichwa vizuri. Kila siku nilikuwa napita Kariakoo naona kabichi za Lushoto zinashushwa kwenye malori, na sikuwahi kujiuliza kwa nini zinatoka mbali kote huko. Hela yake nilimrudishia kidogo kidogo kwa miezi mitano. Kuanzia hapo sikuandika tena kitu ambacho sijakipanda kwa mkono wangu, hapahapa Dar, kwenye masika na kwenye kiangazi. Zile kaunta buku zilizo kwenye sanduku chini ya kitanda changu ndiyo shule niliyosoma: tarehe, mvua imenyesha au haikunyesha, nimesia nini, nini kimekufa na kimekufa namna gani. Nilivyoandika waziwazi kwamba bilinganya zangu zimekufa, watu waliniamini hata niliposema bamia zimestawi.

Unakumbuka nilivyokuwa nawapeleka Jumamosi kwenye bustani ya mimea, pale karibu na Makumbusho ya Taifa? Wajerumani waliianzisha mwaka 1893, chini ya Stuhlmann, mkuu wao wa kilimo. Haikuwa bustani ya kupumzikia. Walikuwa wanajaribu mazao waone lipi litakubali ardhi na joto la huku kabla ya kuyapeleka mashambani. Shida yao ilikuwa mashamba ya kikoloni, chakula chetu hakikuwahusu, na hilo silisahau. Lakini utaratibu wa kujaribu kwanza mahali penyewe ulikuwa sahihi, na mimi niliufuata kwenye viroba na matuta yangu.

Kuhusu hela nikwambie ukweli, mwanangu: safu peke yake haikutulisha. Nililipwa kwa makala, na mara nyingine hela ilichelewa hadi mwezi wa pili. Ada yako ya sekondari ilitoka kwenye miche ya mipapai. Wasomaji walikuja nyumbani kununua, nikawaambia wapande miche mitatu kwenye kila shimo, wasubiri itoe maua, ndipo wang'oe midume ya ziada. Walirudi tena kwa sababu nililowaambia walilikuta. Kwa hiyo ukitaka kuandika, andika, nitafurahi sana. Ila kazi yako ya benki usiiache, na usiandike neno kuhusu nyanya mpaka ujue hizo zako zimekufa na nini.

Sasa tuje kwenye nyanya. Mimi niko Tabata, siwezi kukwambia ni ugonjwa gani bila kuona, na atakayekuuzia dawa dukani bila kuona mmea naye hajui. Fanya hivi kesho asubuhi. Chukua mche mmoja ulionyauka juzi au jana, usichukue uliokwisha kukauka. Kata shina karibu na ardhi, kipande cha urefu wa kidole. Jaza maji safi kwenye glasi inayoonyesha, kining'inize kipande hicho ncha ya chini iguse maji, usitikise. Kaa hapohapo uangalie kwa dakika tano. Kama ni mnyauko wa bakteria, utaona nyuzi nyeupe kama maziwa zinateremka polepole kutoka kwenye shina, mithili ya moshi wa udi uliogeuzwa chini. Ukiziona, hakuna dawa ya kupuliza itakayouponya mmea huo. Ng'oa iliyougua yote pamoja na mizizi, ichome moto, usiitupe kwenye shimo la mboji. Osha jembe kwa sabuni. Na tuta hilo usirudishie nyanya, bilinganya, pilipili wala nyanya chungu kwa miaka kadhaa, maana hizo zote ni ukoo mmoja na ugonjwa hukaa ardhini ukizingojea. Panda mchicha au mahindi.

Usipoona nyuzi, osha mizizi uitazame. Ikiwa na vifundo vifundo kama shanga, hiyo ni minyoo fundo. Hapo bamia nayo usipande, minyoo hiyo inaipenda mno.

Mizizi ikiwa safi, onja maji ya kisima chako. Nasema uonje kwa ulimi. Visima vingi vya huko Kigamboni vina chumvi, na wewe mwenyewe uliniambia chai yenu haina ladha. Angalia maharage uliyopanda kando ya ukuta, yenyewe hayavumilii chumvi kabisa: kingo za majani zikiungua kana kwamba zimepitiwa na moto, jibu umelipata. Spinachi huvumilia vizuri zaidi. Weka pipa chini ya bati ukinge mvua zilizobaki, na unapomwagilia kwa maji ya kisima mwagilia mengi mara moja kwenye shina badala ya kunyunyiza kidogo kidogo kila jioni. Maji mengi husukuma chumvi chini, yale kidogo huiacha juu kwenye mizizi.

Udongo wako ni mchanga, nilipokuja Idd niliuminya kwenye ngumi ukamwagika wote. Hautunzi maji wala chakula. Weka debe moja la samadi iliyooza kwa kila mita moja ya mraba, uchanganye, halafu tandaza majani makavu juu. Ukipata mbolea ya kuku kwa jirani anayefuga, usiimwage siku hiyohiyo. Ingiza mkono ndani ya rundo: likiwa na joto bado, litakuunguzia miche.

Na kitu ambacho hukuniuliza: ulipandikiza mwezi wa tatu. Masika ni msimu mbaya wa nyanya huku kwetu, majani hayakauki na ukungu unapata nafasi. Mimi nasia kitaluni sasa hivi, mwisho wa Mei, napandikiza Juni, nachuma kipupwe kikielekea kuisha. Sia mbegu zako wiki hii. Kama kipimo cha glasi kimeonyesha ugonjwa, tumia viroba na udongo ulioletwa kutoka mahali ambapo hapajawahi kuota nyanya.

Wadudu wakianza, usikimbilie dukani. Mwarobaini uko mlangoni kwa jirani yako. Twanga majani mabichi kilo moja, loweka usiku kucha kwenye lita tano za maji, chuja, tia sabuni kidogo, pulizia jioni. Jioni, Zuhura, kwa sababu jua huua nguvu yake. Kwa kanitangaze, yule kiwavi anayetoboa nyanya, mwarobaini hautoshi peke yake: ukiona majani yana michirizi myeupe na matunda yametobolewa, chuma yote yaliyotobolewa uyafukie mbali na bustani, kila siku.

Jumapili nakuja, nitapita darajani na bodaboda ya Juma. Nitakuletea matembele, nimeshakata vipande thelathini vyenye macho manne manne, viko kwenye gunia bichi kivulini. Lima tuta la upande wa choo cha nje, lile lenye jua la asubuhi, ulimwagilie Jumamosi jioni. Na nunua kaunta buku moja njiani ukitoka kazini. Ukurasa wa kwanza andika ulichokiona kwenye glasi, tarehe na saa, nikifika niusome.

Mama yako