Kabla Winchi Haijainua: Ushauri kwa Vijana wa Saiti

Zamani winchi uliiona kwenye miradi mikubwa tu. Siku hizi inaingia mpaka vichochoro vya Unga Limited, Arusha, kupandisha kenchi za ghala, na kule Moshi inaitwa hata kuweka jenereta nyuma ya hoteli. Vijana wanaoambiwa "funga mzigo" mara nyingi ni wale wale waliokuwa wakichanganya zege asubuhi. Mimi nami nilianzia huko, na kazi ya kufunga mizigo nimeifanya miaka mingi, kwa hiyo naandika kwa ajili yao. Wadogo zangu, ajali nyingi za winchi huwa zimeshaandaliwa mzigo ukiwa bado chini.

Anza na uzito. Ukiuliza ukajibiwa "wa kawaida tu", hujajibiwa. Mita moja ya ujazo ya zege ina takriban kilo 2,400, na ya chuma kilo 7,850. Boriti ya zege yenye urefu wa mita 6, kimo cha sentimita 60 na upana wa sentimita 30 ina zaidi kidogo ya mita moja ya ujazo, yaani kama tani 2.6. Tenki la maji nalo lifungue uchungulie ndani: kila lita iliyobaki ni kilo moja, na maji yale hukimbilia upande mmoja tenki likishaning'inia.

Sasa naomba mnisikilize kwa makini kuhusu pembe ya slingi, yaani mkanda au waya wa kufungia mzigo kwenye ndoano, maana hapa ndipo ninapoona watu wanahatarisha maisha bila kujua. Wengi huamini kwamba ukifunga kwa slingi mbili, kila moja inabeba nusu ya mzigo. Hiyo ni kweli pale tu slingi zinaposimama wima. Zikilala, kila moja inavutwa kwa nguvu zaidi. Ile boriti ya tani 2.6, slingi zikiwa na pembe ya nyuzi 60 kutoka usawa wa mzigo, kila slingi inabeba tani 1.5. Pembe ikishuka hadi nyuzi 30, kila moja inabeba tani 2.6, yaani kama vile boriti nzima inaning'inia kwenye slingi hiyo peke yake. Mzigo ni ule ule na winchi ni ile ile, kilichobadilika ni slingi kuwa fupi.

Huhitaji kifaa cha kupimia. Chukua slingi moja, ilaze juu ya mzigo kutoka sehemu moja ya kufungia hadi nyingine. Kama umbali huo unalingana na urefu wa slingi, pembe itakuwa nyuzi 60. Kama umbali ni mkubwa kuliko slingi, usifunge, tafuta slingi ndefu zaidi. Opareta atalalamika kwamba ndoano inabidi ipande juu zaidi. Mwache alalamike.

Slingi za mkanda zipitishe mkononi taratibu, umevaa glavu, pande zote mbili. Unatafuta uzi uliokatika, sehemu iliyokauka ikawa ngumu kama imeungua, na mshono ulioanza kuachia. Rangi zinasaidia: zambarau ni tani 1, kijani tani 2, njano tani 3. Lakini lebo ikiwa imefutika, rangi peke yake isikudanganye, slingi hiyo iweke kando. Mkanda unapopita kwenye kona kali ya chuma, weka kipande cha tairi kuukuu katikati. Waya wa chuma wenye nyuzi zilizokatika au uliopinda na kuvunjika umbo hautengenezwi kwa nyundo, unatupwa.

Ardhi yetu nayo ina mambo yake. Udongo mweusi wa tambarare ukilowa wakati wa masika, mguu wa winchi unazama huku mkono umenyooka na mzigo uko hewani. Na viwanja vingi vya mjini vina mashimo ya choo ya zamani yaliyofukiwa juu juu. Muulize mwenye kiwanja, na kama hayupo muulize mzee jirani, choo cha zamani kilikuwa wapi. Chini ya kila mguu panga mbao nene, pana kuliko bamba la mguu wenyewe. Kama kuna mtaro umechimbwa wenye kina cha mita 2, winchi isisogee karibu zaidi ya mita 2 kutoka ukingoni.

Msidanganyike na namba iliyoandikwa ubavuni. Winchi ya tani 25 huinua tani 25 pale mzigo unapokuwa karibu kabisa na mwili wake. Mkono ukinyooshwa mbali, hubaki tani chache sana. Opareta ana jedwali kwenye kibanda chake, mwombe akuonyeshe. Muulize pia cheti cha ukaguzi cha OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini. Huo si ujeuri, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 ipo kwa ajili yako.

Mpiga ishara awe mmoja. Ila ishara ya "simama" anaweza kuitoa yeyote, hata mama anayeleta chai, na opareta lazima aitii. Inua kwanza kiasi cha kiganja, simamisha, tazama kama mzigo umekaa sawa. Mabati na kenchi zifungie kamba za kuongozea, hasa maeneo ya wazi kama Kisongo ambako upepo hauna kizuizi. Mkono wako usiwe kati ya mzigo na ukuta.

Mwisho, nyaya za umeme. Mimi husimamia mita 6 kutoka kwenye nyaya za msongo wa kati, na pasipowezekana, TANESCO waombwe kuzima laini kabla ya kazi. Mkono wa winchi ukigusa waya, opareta abaki ndani na ninyi mlio chini mkae mbali, msiguse mashine wala mzigo, mpaka TANESCO wathibitishe kwamba umeme umezimwa. Kama kibanda kinawaka moto na lazima atoke, aruke miguu yote miwili pamoja, asishike mashine huku amekanyaga ardhi, kisha aondoke kwa hatua fupi za kuburuza nyayo.