Ruzuku ya kaunsili ya kupasha nyumba joto: cheti kwanza, halafu hewa

Kwa mlioko England: kaunsili nyingi zinagawa fedha za serikali kuu kupitia mpango wa Warm Homes: Local Grant, ulioanza Aprili 2025 na utakaokwenda hadi 2028. Pesa hazipiti mkononi mwako. Kaunsili inamlipa mkandarasi iliyemteua yenyewe, kwa hiyo anayebisha hodi akidai malipo ya kutangulia, mfungie mlango.

Kabla ya fomu, tafuta cheti cha EPC cha nyumba, kinachoonyesha nyumba inatumia nishati vizuri kiasi gani kuanzia A hadi G, kwenye tovuti ya serikali. Ni bure, unaandika postikodi tu. Kinatakiwa kiwe daraja D, E, F au G.

Kipato kisizidi pauni 36,000 kwa mwaka, kabla ya kodi, kwa nyumba nzima. Hapo ndipo wengi wanateleza: mume na mke wote wana mshahara, fomu inajazwa wa mmoja. Walio kwenye benefiti zinazopimwa kwa kipato, kama Universal Credit, wana njia yao. Mpangaji wa mtu binafsi naye anaweza kuomba, mradi mwenye nyumba akubali.

Sasa kazi yenyewe. Pamba ya darini, ya kuzuia joto lisitoroke, hutandikwa kufikia milimita 270: tabaka la 100 kati ya mbao, la 170 juu yake kwa kukatiza. Fundi mwenye haraka huisukuma hadi ukingoni mwa paa na kuziba hewa. Mvuke wa sufuria ya ugali na wa bafuni unapanda, unakutana na mbao baridi, unageuka maji. Majira ya baridi yakiisha una ukungu mweusi. Pale ukingoni lazima ubaki mwanya wa milimita 50. Bomba la feni ya bafuni nalo litoke nje ya paa, lisiishie darini. Na vile vitundu vya hewa juu ya fremu za madirisha, tafadhali, msivizibe kwa gazeti.

Insulesheni ya ukuta wa nje, yaani tabaka la kuzuia joto linalobandikwa ukutani kwa nje, ndiyo ya kuogopwa zaidi. Oktoba 2025 mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali alieleza kuwa asilimia 98 ya nyumba zilizowekewa insulesheni hiyo chini ya mipango miwili mingine, ECO4 na Great British Insulation Scheme, zina kasoro. Kabla ya kusaini, uliza: ukuta ukinenepa, ukingo wa paa utaufunika vipi? Mkandarasi akibabaika, usisaini. Kazi ikianza, piga picha kila hatua kabla plasta haijafunika.