Alice Paul baada ya 1920

Mhariri, wiki hii mmewauliza wasomaji kama mwanamke aliyekwisha kupata kura bado ana jambo la kudai. Jibu langu ni kwamba analo, na shahidi wangu ni Alice Paul wa Marekani, ambaye wasimulizi wengi humfuata hadi mwaka 1920 kisha wakamwacha hapo, ilhali aliishi hadi 1977.

Sehemu ya kwanza inajulikana. Alizaliwa New Jersey mwaka 1885, akaenda Uingereza masomoni na huko akafungwa pamoja na wanawake waliokuwa wakidai kura. Aliporudi kwao aliandaa maandamano ya Washington ya tarehe 3 Machi 1913, siku moja kabla ya Rais Woodrow Wilson kuapishwa. Mwaka 1917 wafuasi wake walisimama kimya na mabango mbele ya ikulu hadi wakakamatwa; naye alipotiwa gerezani aligoma kula, akalishwa kwa nguvu. Marekebisho ya 19 ya katiba, yaliyowapa wanawake kura, yalipita Agosti 1920.

Kilichofuata ndicho kinachojibu swali lenu. Alisomea sheria, na mwaka 1923 akaandika rasimu ya marekebisho mengine, ya kuwapa wanaume na wanawake haki sawa katika nchi nzima. Waliompinga vikali walikuwemo wanawake wenzake, hasa watetezi wa wafanyakazi wa viwandani, waliohofu kwamba usawa huo ungefuta sheria zilizowakinga wanawake dhidi ya saa ndefu za kazi. Hofu hiyo, kwa maoni yangu, ilikuwa na msingi, na anayesimulia habari hii kana kwamba wapinzani wote walikuwa wanaume wakaidi hawatendei haki wanawake hao. Paul hakurudi nyuma. Mwaka 1964, akiwa na umri wa miaka 79, chama chake kilishinikiza ubaguzi wa kijinsia kazini upigwe marufuku katika Sheria ya Haki za Kiraia. Rasimu yake ya haki sawa ilipitishwa na Kongresi, bunge la Marekani, mwaka 1972, lakini ilihitaji idhini ya majimbo 38, na muda uliowekwa ulipokwisha mwaka 1982 yalikuwa yamepatikana 35 tu.

Simpambi. Katika maandamano yale ya 1913 wanawake weusi walitakiwa watembee nyuma, jambo ambalo Ida B. Wells, mwandishi wa habari mweusi, alilikataa, na wanawake weusi wa majimbo ya kusini walipozuiwa kupiga kura baada ya 1920, Paul alishikilia kwamba hilo lilikuwa suala la rangi, si la wanawake. Sisi wa Mombasa hatuhitaji kuelezwa sana hapo: katika Kenya ya mkoloni wanawake wa Kizungu walipata kura mwaka 1919, na Waafrika wakangoja hadi 1957, tena kwa masharti ya elimu, mali na kipato.

Leo kura tunayo sote. Mishi Mboko alichaguliwa mwakilishi wa wanawake wa kaunti yetu mwaka 2013, kisha mwaka 2017 akashinda ubunge wa Likoni, kiti ambacho hakikutengewa mwanamke. Hata hivyo, Katiba ya 2010 inataka jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa, na Bunge limeshindwa mara kadhaa kupitisha sheria ya kulitekeleza sharti hilo. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge kwa sababu hiyo. Halikuvunjwa, na uchaguzi wa 2022 ulifanyika bila sheria hiyo kuwepo.