Kama unataka kuandika bunilizi za kisayansi, soma hadithi za majarida ya zamani

Hadithi yangu ya roboti wa Kigamboni imekubaliwa kwenye mkusanyiko, na tangu niitangaze, mdogo wangu mmoja anayesoma maandishi yangu hapa ananiuliza nilijifunzia wapi. Si darasani. Darasani mwalimu wa fasihi aliikuta hadithi ya Mars kwenye daftari langu, akaisoma kwa sauti mbele ya wenzangu, akasema huo ni upuuzi wa watoto, niandike mambo ya jamii. Bado inaniuma.

Walionifundisha walikufa zamani. Waliandikia majarida ya Marekani yaliyochapwa kwenye karatasi duni, ile inayogeuka njano na kumeguka vidoleni. Weird Tales lilianza 1923, Amazing Stories la Hugo Gernsback likaja 1926. Malipo yalikuwa kama senti moja kwa neno, mara nyingi pungufu ya hapo, kwa hiyo mwandishi aliyezubaa ukurasa wa kwanza alilala njaa. Hadithi zile sasa zinachapwa upya, na nyingi ni za bure mtandaoni, maana sheria ya Marekani ilitaka hakimiliki za wakati ule zihuishwe baada ya miaka 28 na wengi hawakuhuisha. Ingia Project Gutenberg, maktaba ya bure ya mtandaoni, na simu yako tu. Bando dogo linatosha.

Anza na "A Martian Odyssey" ya Stanley Weinbaum, iliyotoka Julai 1934 kwenye Wonder Stories. Jarvis, mwanaanga kutoka duniani, anatembea kwa miguu huko Mars akiwa na Tweel, kiumbe anayefanana kidogo na mbuni. Wanakuta safu ya piramidi za matofali. Za mwanzo ni ndogo, halafu zinakua kadiri wanavyokwenda, zote tupu, zimetoboka juu. Mwisho wa safu wanamkuta mjenzi mwenyewe, mnyama ambaye mwili wake ni wa silikoni, elementi iliyomo mchangani. Kila baada ya dakika kumi anajitoa tofali mdomoni, analipanga, anatulia. Matofali yale ni taka za pumzi yake! Wala hana habari na ujenzi. Nilirudia kurasa hizo usiku kucha, na tangu hapo sijamwandika mgeni wa sayari nyingine kama binadamu aliyevishwa sura mbaya. Weinbaum alifariki Desemba 1935, akiwa na miaka 33. Alipata mwaka mmoja na nusu tu wa kuchapishwa katika fani hii, na wewe unaniambia huna muda?

Angalia pia umeshika toleo gani. Robert E. Howard, aliyemuumba Conan, yule shujaa wa upanga, alipokwisha kufa, mwandishi mwingine, L. Sprague de Camp, alichukua baadhi ya hadithi zake ambazo hazikumhusu Conan kabisa, akazigeuza ziwe za Conan. Ukizisoma hizo ukidhani unajifunza kwa Howard, unajifunza kwa mtu mwingine. Tafuta matoleo yaliyoanza kutoka 2003, ambayo Patrice Louinet aliyahariri kwa kurudi kwenye miswada ya Howard. Kitabu kizuri hukueleza hadithi ilitoka jarida gani, mwaka gani. Kisichosema, kiache.

Na jiandae kukasirika. Mtu mweusi katika nyingi ya hadithi hizi ni mshenzi au mtumwa. Mimi nilikasirika sana. Charles R. Saunders, Mmarekani mweusi aliyehamia Kanada, alikasirika pia, akamuumba shujaa wake Imaro katika bara alilolipa jina la Kiswahili, Nyumbani. Kitabu cha kwanza kilitoka 1981. Hasira yako iende kwenye karatasi namna hiyo, ndugu yangu. Soma, andika. Soma tena, andika tena.

Ukimaliza Weinbaum, nenda kwa C. L. Moore, "Shambleau", Weird Tales la Novemba 1933. Alikuwa mwanamke mfanyakazi wa benki Indianapolis, na alitumia herufi za mwanzo za majina yake ili waajiri wake wasimgundue. Niandikie ukishaisoma.