Re: Kupanda ndege Songwe na mtoto huku nina mimba
Habari dada, pole na mawazo. Umesema mimba ina wiki 30, mtoto ana mwaka na miezi 4, unatoka Mbeya kwenda Dar peke yako na unaogopa kuzuiwa pale Songwe. Mimi nilisafiri hivyo hivyo nikiwa na wiki 29.

Kitu cha kwanza kabisa ni barua ya daktari, mashirika mengi yanaitaka kuanzia wiki 28 na ikipita 36 hawakubebi, sasa wengine wanataka iwe imeandikwa siku chache tu kabla ya safari kwa hiyo wapigie simu kabla hujaenda kliniki. Mimi niliandikiwa mapema mno, kaunta wakaikataa, nililia pale mtoto yuko mgongoni mpaka daktari akanitumia nyingine kwa WhatsApp. Beba na kadi ya kliniki, na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, maana anayepakatwa ni wa chini ya miaka 2.

Mtoto mbebe kwa kitenge mikono ibaki huru, ila ndege ikiruka na ikitua unamfungua. Omba mkanda wake mdogo, usimfunge ndani ya mkanda wako hata kidogo jamani, na wa kwako upite chini ya tumbo. Ndege ikianza kushuka mnyonyeshe au mpe maji, masikio yanauma.

Toka nyumbani mapema, malori ya Tunduma pale Mbalizi yanachelewesha sana. Na tumbo likikaza au ukiona damu usipande, wahi hospitali.